Kinu cha Nyumba ya Saba

Kila nyumba mtaani kwetu ina sikio la serikali ukutani. Likisikia kipigo, taa ya mlangoni huwa nyekundu, na sisi majirani tunalazimika kuingia humo na kukaa mpaka irudi kijani. Ukiingia bila taa nyekundu unahesabiwa mmbea, na mmbea hufungiwa ndani mwezi mzima.

Mwanzoni sikio lilikuwa linachanganya kipigo na kutwanga. Wakaliwekea kitufe cha kinu: ukikibonyeza, linanyamaza nusu saa, na majirani tunapata ujumbe tusishtuke.

Leo alasiri ujumbe ukaingia: "Nyumba ya saba wanatwanga." Hapo ni kwa Kibacha na mkewe, Zamoyoni.

Mume wangu akacheka. "Kisamvu tena? Mara ya tatu wiki hii!"

Kupitia ukutani nilisikia kishindo, kikatulia, kisha kishindo kingine. Nani anatwanga hivyo? Nikachungulia nje. Taa yao ilikuwa kijani.

Nikaenda jikoni kunywa maji, nikajikwaa kwenye kinu. Kinu chao. Nilikiazima kwa Zamoyoni Jumapili na sijakirudisha.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akang'aka. "Taa haijawa nyekundu!"

Nilikikumbatia kinu mpaka mlangoni kwao, nikagonga kwa mchi. Vishindo vikakoma. Kibacha akafungua mlango kidogo tu, jasho likimtiririka.

"Samahani jirani, tunatwanga."

"Najua," nikamwambia. "Nimewaletea kinu."