Kifuniko Juu ya Bastola

Kesho msichana Mbombo angepimwa shabaha. Akikosa, hapati nafasi katika timu ya mkoa. Kosa lake lilikuwa moja: alishtuka kabla ya mlio, kama mtoto yeyote wa Kolwezi aliyekua akisubiri baruti za mgodi.

Kocha aliweka tena kifuniko cha soda juu ya bastola tupu mkononi mwa Mbombo. "Finya polepole, mama. Kikianguka, njo kusema umeshituka."

"Tata kocha, kitaanguka tu. Uko unajua."

King'ora cha mgodi kikalia. Kocha mwenyewe akakunja mabega na kufumba macho. Baruti ikalipuka, vumbi likadondoka kutoka darini, na katikati ya mtikisiko ule kidole cha Mbombo kikafinya.

Kocha akafumbua macho. Kifuniko kilikuwa kimetulia palepale.

"Mama," akanong'ona, "sasa leta risasi."