Bastola ya Pili ya Kajiwara

Kajiwara alimpiga Onodera risasi tatu za mguu, akaziona kwa macho yake zikigonga suruali na kudunda, na Onodera akaendelea kutembea taratibu kama mwenye shamba.

Risasi zenyewe zilikuwa za plastiki, ndogo kama punje za choroko, na bunduki zilikuwa za kuchezea. Lakini mchezo huu katika msitu wa Chiba hauna refa. Ukipigwa unajisema mwenyewe: unanyoosha mkono, unapaza sauti kwamba umepigwa, unatoka. Asiyejisema huitwa zombi, na zombi hata wali wa kari wa mchana hakuna anayetaka kukaa naye meza moja.

Onodera alijiunga na timu mwezi wa kumi, na Jumapili baada ya Jumapili, timu ikijigawa pande mbili, Kajiwara alikuwa akimpiga bure. Daima miguuni. Miaka ya nyuma aliwahi kumvunja mtu jino la mbele, akaapa hatalenga tena juu ya kiuno, na hapo nampa haki yake, kiapo alikishika. Onodera naye, kila akijibanza, aliuacha mguu wa kulia nje umenyooka, kana kwamba anamwambia haya, piga.

Kilichomchoma Kajiwara zaidi ni Shiina, msaidizi wake. Shiina alimpiga Onodera begani mara moja tu, na yule bwana akanyoosha mkono papo hapo, akacheka, akampongeza. Kwa hiyo adabu anayo. Ila kwa Kajiwara tu ndiyo hana.

"Labda zako hazimfikii, kapteni," Shiina alimwambia. "Upepo."

"Zinamfikia. Ananidharau."

Jioni hiyo timu ilipokuwa ikijiandaa kwenda kuoga pamoja kwenye chemchemi ya maji ya moto, Kajiwara alitangaza mbele ya wote: Jumapili ijayo, ama Onodera amnyooshee mkono, ama yeye avue nembo ya timu aliyoianzisha kwa mikono yake miwili na asirudi tena. Jamani, mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, na sauti ilikuwa ikimtetemeka. Onodera hakusikia. Alikuwa ndani ya gari lake akibadilisha nguo, milango imefungwa, kama ilivyo kawaida yake. Kwenye maji ya moto hakuwahi kuja hata siku moja. Kajiwara alisema Onodera anawaona wenzake wananuka.

Jumatano akaenda dukani kwa mzee Nezu. Bunduki yake ndefu ilikuwa ya mbali, na mbali ndiko mtu anakopata nafasi ya kukana. Alitaka ya pili, ya kiunoni.

Nezu akatandika taulo mezani, akapanga tatu. Ya kwanza ilikuwa ya gesi, nzito, inaruka mkononi kama ya kweli, ila kwa baridi hii gesi hulala na risasi zinaangukia miguuni pako. Ya pili ilikuwa ya silinda inayozunguka, nzuri kwa kupigia picha tu. Ya tatu ilikuwa ya betri, nyepesi, inalia kama cherehani, lakini haijui baridi na inatema mfululizo mpaka ziishe.

Kajiwara akauliza ipi inauma zaidi.

Nezu akavua miwani. "Bwana Kajiwara, bastola ya akiba watu huichagua kwa mfuko itakamokaa, na mkono uipate bila kutazama. Wewe unaichagua kwa nyama ya mtu."

Kajiwara akachukua ya betri.

Jumapili kulikuwa na umande ulioganda. Mchezo ulipopamba moto, Kajiwara alitambaa kwenye matope kwa tumbo, akazunguka nyuma ya mapipa, akamkuta. Onodera alikuwa amelala kifudifudi akifyatua, na mguu wa kulia uko nje, umenyooka. Hatua mbili. Kwa umbali huo sheria inasema humpigi mtu, unamwambia tu ajisalimishe. Kajiwara alichomoa bastola, akagusisha mdomo wake chini ya goti la Onodera, akakaza kidole, na haikunyamaza mpaka ikaisha.

Onodera hakugeuka hata shingo. Alifyatua tena, na ng'ambo Shiina akanyoosha mkono, amepigwa.

Mori ukampanda Kajiwara. Alimrukia mgongoni kwa magoti, akampiga ngumi ya kisogo, akamgeuza, akampiga nyingine ya uso mpaka barakoa ikaruka. Damu ya pua ikamwagika kwenye barafu. Watu wakaanza kukimbilia kwenye mapipa wakipiga mayowe ya kusimamisha mchezo. Kajiwara hakusikia la mtu. Alimkaba kola kwa mikono yote miwili.

"Sema umepigwa. Leo utasema."

Onodera alikohoa damu. Macho yake yalikuwa na mshangao mtupu, na hilo ndilo lililomtia Kajiwara wazimu kabisa.

"Umenipiga?" akauliza. "Wapi?"

"Hapa," Kajiwara alinguruma. Aliiachia kola, akalidaka buti la kulia kwa mikono miwili, akakanyaga pipa apate nguvu, akauvuta mguu ili amburute mpaka mbele ya timu nzima.

Onodera alibaki pale pale alipolala. Mguu ulikuja peke yake, na buti lake na mikanda yake, bila tone la damu.