Msimu wa Uongo

“Hapendi mpira,” Hollis alisema, akikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. “Mwili anao. Moyo hana. Anacheza tu kwa sababu hajui pa kwenda.”

Wenzake mezani wakanyanyua vichwa. Wote walikuwa wa kazi moja, kila mmoja na klabu yake: kuzunguka vyuo vya Louisiana na kwingineko kupima vijana wanaofaa kulipwa kwa kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi. Aliyesemwa ni Lavell Arceneaux. Kazi yake uwanjani ilikuwa moja: kulipita jitu linalomlinda mrusha mpira, na kumbwaga huyo mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi.

“Wewe mzee mchawi,” Dooley akamwambia. “Kama hana moyo, mbona juzi ulikaa kwenye mvua mazoezi yote ukimtazama yeye tu?”

“Nilikuwa natafuta choo, nikapotea.”

Wakacheka. Dooley aliacha kucheka kabla ya wenzake, akabaki anawaza, na Hollis akajua uongo umeingia.

Anayemtaka mbuzi ndiye humtukana sokoni. Hollis alimtaka Lavell kuliko kijana yeyote aliyewahi kumwona, lakini klabu huchagua vijana kwa zamu, aliyetajwa huwa wa klabu iliyomtaja, na klabu yake ingechagua mwisho mwisho, na kijana kama yule hafiki mwisho. Urefu wa mkono hupimwa kwa utepe, mbio hupimwa kwa saa. Hapo huwezi kumdanganya mtu. Kuupenda mpira ndiko kusiko na utepe. Kwa hiyo klabu zote huuliza, na neno moja baya humshusha kijana kuliko goti lililoteguka.

Hotelini alizirudia picha za mechi mpaka macho yakamwasha. Lavell alipopinda kumzunguka mlinzi aliinama kama pikipiki kwenye kona, bega karibu liguse nyasi, na miguu haikupunguza kasi. Kila alipombwaga mtu alimwinua, akampangusa nyasi, kisha akatazama juu jukwaani alikokaa bibi yake. Wengine wakimbwaga mtu hurukaruka kama kuku aliyechinjwa. Huyu alikuwa kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo.

“Mnyenyekevu,” Hollis alijiambia. “Hawazaliwi tena wa namna hii.”

Jumapili alikaribishwa kwa Bi Odile, bibi aliyemlea Lavell tangu akiwa mchanga.

“Kula, baba,” Bi Odile alisema, akimwongezea wali na mchuzi wa kamba wa mabwawani. “Umesikia wanayoyasema? Eti mjukuu wangu hapendi mpira. Mtoto huyu hata hajajua kutembea alikuwa akilisukuma kabati langu. Nikimjua huyo msemaji, nitamkaanga na maganda yake.”

Hollis akameza bila kutafuna.

Lavell alikuwa kwenye sinki, mgongo umeziba dirisha zima, anasuuza sahani. Hakugeuka.

“Na wewe mwenyewe?” Hollis akamuuliza, kwa kuwa hilo ndilo swali la kazi. “Unaupenda mpira?”

“Bibi anaupenda mno,” Lavell akajibu.

Bi Odile akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni, na Hollis akacheka naye. Wakati wa kuagana kijana akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Asante, Mzee Hollis,” alisema polepole. “Kwa yote.” Hollis aliingia garini aibu ikimchoma. Mtoto anamshukuru mtu anayemchafulia jina.

Ikafika jioni ya kuchagua. Hollis alikaa ofisini kwa klabu yake mbele ya runinga, mikono kati ya magoti. Hakuwa na la kufanya tena. Zamu za wengine ni za wengine. Kila klabu ilipokwenda kutaja jina, aliinamia runinga. Si Lavell. Tena si Lavell. Klabu ya Dooley, iliyomhitaji mtu wa aina ile kuliko zote, ikamchukua mwingine. Watangazaji wakatikisa vichwa: mwili anao, walisema, moyo ndio hana.

Zamu yao ikafika, na Lavell bado yupo.

“Dunia nzima inasema mtoto hana moyo,” alisema Renfro, mkuu wake, kidole kikiwa kwenye jina la mwingine.

“Dunia imesikia kwangu. Nilitunga.”

Renfro akamtazama. “Mzee, wewe ni shetani.”

“Naapa kwa kazi yangu yote. Anaupenda.”

Renfro akakihamisha kidole. Jina likapelekwa, nalo likishapelekwa halirudi.

Hollis aliomba ampigie simu yeye mwenyewe. “Lavell, mimi Hollis. Umekuwa wetu, mwanangu.”

Upande wa pili palilipuka vigelegele. Runinga ya kwa Bi Odile nayo ilikuwa imetaja jina. Masufuria yaligongwa, na sauti ya Bi Odile ikapanda juu ya zote akimwita Yesu.

“Na unisamehe,” Hollis akaendelea kwa furaha. “Yale maneno kwamba huupendi mpira, ni mimi niliyeyatunga. Nilitaka wengine wakuache.”

Mlango ukafungwa, kelele zikabaki nyuma yake.

“Nilijua ni wewe, Dooley aliniambia,” Lavell akasema kwa sauti ndogo. “Lakini sikujua kwamba uliyatunga. Mimi Bibi siwezi kumwambia kwamba siupendi, Mzee. Nilidhani umeniona, ukaamua kunisaidia nisichaguliwe.”