Bangili ya Pimbi

Wanyama wa bonde moja walikuwa na desturi: anayehama huvishwa na rafikiye bangili ya nyuzi. Pimbi alipotaka kuhamia majabali ya mbali, Ngedere akaanza kumsukia yake. Aliitaka isiwe na dosari. Kila fundo alilikaza kwa meno, bangili ikajikunja kama jongoo, naye akaifumua yote.

Pimbi alipokuja kupiga soga, Ngedere alimwambia, "Niache, ndugu yangu, nina kazi."

Siku ya safari ikafika, bangili haijafika nusu. Ngedere akamwendea Mnana, fundi wa viota, machozi yakimlengalenga.

Mnana akaipapasa ile bangili. "Unafunga mbuzi au rafiki? Fundo likishika, liache lipumue. Na Pimbi mwenyewe yuko wapi?"

"Nimemfukuza ili niimalize bangili yake."

Ngedere akayasikia maneno aliyoyasema mwenyewe, akatoka mbio.

Alimkuta Pimbi akifunga mizigo, akaketi kando yake na nyuzi zake. Wakaongea. Vidole vikalegea, mafundo yakafuatana, mengine yakaenda upande kwa kicheko.

"Mafundo haya yamepindaje?" akauliza Pimbi alipovishwa.

"Hapo ulikuwa ukinisimulia vituko vya mama mkwe wako."

"Basi usiyaguse," akasema Pimbi.