Zamu ya Kuatamia

Enzi zile ndege waliposhindana kwa mashairi jukwaani, Njiwa alikuwa hajatoka kiotani tangu atage. Siku ya fainali mumewe alimwambia, "Nenda kasikilize, mke wangu. Leo zamu ya kuatamia ni yangu."

Njiwa akaenda, akaketi karibu na Kanga, akafurahi kunyoosha miguu. Kunguru alighani shairi la njaa, akapigiwa makofi. Kisha Kasuku, mshereheshaji, akamwita mshindani wa mwisho. Akapanda mume wa Njiwa.

Alifumba macho, akaghani jinsi baba anavyoatamia mayai: kifua chake ni jiko lisilozimika, mvua inyeshe, upepo uvume, yeye hatoki. Ndege wakalia. Hata Njiwa alidondosha chozi kabla hajakumbuka.

"Shoga, una bahati!" Kanga alimnong'oneza. "Mume kama huyo utampata wapi?"

"Mume namwona. Ila mayai yangu nani anayaatamia sasa hivi?"

Aliruka huku umati ukipiga kelele, "Rudia! Rudia!" Alikuta kiota kiko wazi na mayai mawili yamepoa. Akayafunika kwa kifua, akangoja. Moja lilishika joto. La pili halikushika.

Jioni mumewe akarudi na shada la ushindi shingoni. "Mbona uliondoka kabla ya ubeti wa mwisho?"

"Shairi lilikuwa zuri, hata mimi nililia," alisema Njiwa. "Lakini mayai hayana masikio. Vua hilo shada, uje uliatamie hili lililobaki. Zamu yako haijaisha."