Kanga za Kipupwe

Bi Mishi alimkaribisha mkaguzi wa manispaa, aliyekuja na fomu ya kibali na muhuri wake wa mbao. Kiyoyozi alicholetewa na binti yake kilikuwa bado ndani ya boksi, maana hakifungwi bila kibali, na sebule ilikuwa moto kama tanuri.

Mkaguzi alitazama juu ya dirisha. "Matundu ya hewa sharti yazibwe kwa saruji, mama. Lakini naona haya yamejazwa vitambaa."

"Kanga zangu kuukuu hizo, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa akizisokomeza humo kila kipupwe. Joto likianza, anapanda kigoda anazichomoa, huku akinitania kwamba ananivua nguo ukutani."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu alizisokomeza, akaondoka kabla joto halijafika. Mimi nimeshindwa kuzigusa."

Mkaguzi alijifuta jasho. Kisha akamsogezea kigoda na kukishikilia.

Bi Mishi akapanda. Kanga ya kwanza iligoma, halafu ikatoka na vumbi lake lote. Ilikuwa ile nyekundu aliyoitafuta kipupwe chote, na mumewe akaapa kwamba hajaiona.

"Mwongo mkubwa wewe," alisema taratibu, akiikumbatia.

Upepo ukapenya tunduni, ukampapasa shingoni. Mezani, fomu ilianza kupepea. Mkaguzi akaikandamiza kwa muhuri, ambao bado hakuwa ameugonga.