Kofia ya Picha

Nywele za mwisho za Mwalimu Darlene zilidondoka, na uwanja wa hoki ya barafu ukalipuka kwa vifijo.

"Mwalimu, kumbe kichwa yai tupu!" wazazi walimtania, wakitia dola kwenye ndoo ya utafiti wa saratani ya watoto. Alikuwa amejitolea kunyolewa kuchangisha fedha hizo, kumkumbuka mwanafunzi wake aliyefariki kwa saratani, na aliyeshika mashine ya kunyolea ni mama wa mtoto huyo.

Mpiga picha akawaita. Baridi ilimuuma Darlene utosini, mkono ukaifuata kofia ya sufu.

"Iache, Mwalimu," mama akasema polepole. "Siku ya picha ya darasa ulimvika mwanangu kofia. Ulisema upara wake unawatisha wenzake. Mimi sijasahau."

Darlene aliishika kofia, asijue pa kuiweka.

"Haya, Mwalimu, cheka kidogo!" mpiga picha akaita.